Nyuzi Mia Mbili na Thelathini

Gari letu lina vitanda viwili, jiko la moto mmoja,
pazia aliloshona mama kabla hajachoshwa na safari,
na sanduku la baba: nyundo, kabari za mpira,
uma wa chuma unaojua noti moja tu,
ile ile, tangu sijazaliwa.

Mwaka huu naendesha mimi.
Macho yake yameingia ukungu; barabara
anaiona kama uzi, malori kama mafundo.
"Masikio hayadaiwi leseni," anasema,
anateremsha kioo, anaisikiliza ngano.

Saskachewani haina haraka.
Mbingu ndiyo mwenye nyumba; sisi na ng'ombe
tumepanga ukanda mwembamba chini yake.
Kanola, njano mpaka jicho linauma. Dengu.
Ziwa lililokauka likabaki chumvi.
Kisha, muda mrefu kabla ya mji wenyewe,
ghala la nafaka limesimama peke yake
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Verenka. Wakazi sitini na wanane, chasema kibao.
Mwaka jana kilisema themanini na mmoja.
Yupo mtu, basi, mwenye kopo la rangi
na kazi ya kutoa.

Tunaegesha nyuma ya ukumbi wa barafu, bure,
kwa kuwa ni Juni na hakuna barafu.
Bi Olenka Hrytsak analeta ufunguo wa kanisa
na sahani ya pirohi chini ya taulo.
Hatusalimu. Anasema, "Panya wameingia kwenye besi."

Baba anapiga magoti. Si ya sala,
ingawa ukiwa mlangoni huwezi kutofautisha.
Kazi yangu ni kunyamaza. Ting. Ting.
Anavuta uzi kwa upana wa unywele. Ting.
Nisidanganye, inaudhi kuisikiliza:
sauti moja mara arobaini,
kama mtoto anayeomba maji akiwa kitandani.
Mpaka nyuzi mbili zilizokuwa zikizozana
zinaacha ghafla, na huisikii tena
ile iliyokuwa ya pili.
Bi Olenka, aliyekuwa akifuta madirisha, anasimamisha mkono.

Dalgrove, saa tisa alasiri.
Shule imepigiliwa mbao. Arvid Lindqvist
anatupokea kofia mkononi, kama mwenye msiba.
"Nilipaswa kupiga simu, Bwana Wasyl."
Piano iko bandani kwake, imelala chali,
makopo ya oili juu yake, jani la shayiri
limechomoza katikati ya funguo mbili.
Namwambia baba twende, mvua inakuja.
Baba anaomba nyundo.

Nyingi zimekatika. Nyingine, ukizigusa,
zinatoa sauti ya kijiko kwenye sufuria mbovu.
Mbu wanatula. Arvid anashika tochi.
Anapata mmoja, la ya katikati,
anaubembeleza, anaukaza, anauacha, anaukaza,
analinganisha na uma wake.
"Huu uko sawa," anasema. Akasimama kwa shida.
"Dola nne."
Arvid alicheka kwanza. Kisha akaona si mzaha,
akaingia ndani, akatoka na mayai kumi na mawili.

Usiku, huku, hauji; unachungulia tu
saa tano kasoro, ukiwa umechelewa.
Nakaanga mayai. Nafungua daftari la miji,
kalamu juu ya jina la Dalgrove,
tayari kulifuta kama nilivyofuta mengine.
"Andika: uzi mmoja," anasema kutoka kitandani.
"Na hizo nyingine?"
"Andika ulichoambiwa, Halyna."

Mvua ikapita upande wa pili, kwa wengine.
Upepo ukabaki, ukichezea ua wa seng'enge
unaofuata reli ambayo treni iliiacha.
Nilidhani amelala.
"Waya wa tatu," akasema gizani, "umelegea."

Alfajiri kitanda chake kitupu.
Nikamkuta nje, soksi zimelowa umande,
koleo mkononi, sikio kwenye nguzo,
ng'ombe saba wa mtu mwingine wakimtazama.